Baiskeli ya Baba Karimi

Mwezi uliopita tulikuwa watano ndani ya chumba changu cha kupanga, tumeinamia simu moja, tukipanga safari ya baiskeli ya siku tatu kuteremka hadi mto Tana. Tyubu kuukuu niliyoianika dirishani ilikuwa imepigwa na jua tangu asubuhi, na ule ukali wa mpira wa moto ulijaa chumba kizima. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alitaka tulale kando ya mto, mwingine alikuwa ameona kwenye ramani uwanja wa shule usio na ua. Ndipo rafiki yangu mmoja, mtu mwema kabisa, akasema, "Tukikosa pahali tutaomba tu. Watu wa huko chini hawawezi kukunyima."

Nilisimama nikatoka nje. Walidhani nimeenda kupokea simu. Kwa kweli nilikuwa nimejificha kama mtoto aliyevunja kitu cha watu na bado hajaonekana.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Darasa la katekisimu lilinishinda kwa sababu ya maswali, na baadaye chuo kikuu kilinipa shahada kwa sababu ya hayo hayo. Lakini swali langu kubwa kuliko yote nililiuliza nikiwa na miaka kumi na moja, katika boma moja la nyanda kavu za Embu, na jibu nililopewa bado sijalizoea.

Aliyenipeleka huko ni Anko Murithi, mdogo wake baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Kiirua, hana mke, na kila likizo alipanda baiskeli yake akapotea siku nne au tano. Watu wazima walisema amekosa kazi. Mimi nilijua ana kazi kubwa sana, maana nilikuwa nimeiona. Ilikuwa ndani ya daftari la kurasa mia mbili, jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi, na ndani yake alikuwa amechora njia zote za kutoka kwetu kuteremka hadi mto Tana: milima ya kusukuma, visima, mbwa wakali, na mahali pa kulala. Mahali pa kulala palichorwa kitanda kidogo chenye miguu minne.

Likizo ile nilikuwa nimekataa kuamini kwamba kijito cha nyuma ya nyumba yetu, ambacho ningeweza kukiruka, kinafika Tana. Anko hakubishana. Alimwomba mama ruhusa, akafunga blanketi mbili, sufuria na turubai kwa vipande vya tyubu, akaniweka juu ya keria.

"Twende ukaone, Wakili," akasema. Aliniita Wakili kwa sababu sikuwahi kukubali kesi iishe.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye kiwanda cha kahawa upande wa Igoji. Msimu ulikuwa umekwisha, na zile meza ndefu za waya za kuanikia kahawa zilikuwa tupu. Mlinzi alimjua Anko. Tulitandika blanketi juu ya meza, na waya ulibonyea chini yangu kama kitanda cha hospitali. Harufu ya maganda yaliyochacha ilikuwa tamu na mbaya kwa pamoja. Anko alinifundisha kanuni zake kabla sijasinzia. Usilale kwenye mchanga wa mto mkavu, hata kama ni laini, kwa sababu mvua ikinyesha mlimani maji huja bila kukuuliza. Usilale chini ya mti wenye mizinga ya nyuki. Usilale kwenye ardhi ya mtu bila kumwambia, na ardhi yote ina mtu.

Kulipopambazuka niliomba daftari nilitazame. Ndipo nikaona kwamba kuanzia tunapoacha kahawa na kushuka kwenye joto, ramani ilikuwa na alama nyingine. Boma moja hapa, jingine pale, limewekwa alama nyeusi ya mkato juu ya mkato, kama hesabu iliyokosewa. Hakuna kitanda karibu na alama hizo. Nilihesabu saba. Nilijua mara moja maana yake: hizo zilikuwa nyumba mbaya. Za wachawi, labda, au za watu waliowahi kumpiga.

Siku nzima nilizichungulia nyumba hizo kwa woga. Ya kwanza ilikuwa na mwanamke anayepepeta ndengu, akatupungia mkono. Anko akampungia, akaongeza kasi. Ya pili ilikuwa na wazee wawili kivulini. Akainamisha kofia.

"Hao wamekukosea nini?" nikamwuliza tulipofika mlima wa kusukuma.

"Hakuna aliyenikosea."

"Mbona umewawekea mkato?"

Alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Kisha akanieleza, huku akihema, kuhusu gichiaro. Zamani za mababu, ukoo wetu na ukoo wa watu hawa, Watharaka ambao baadhi yao walihamia upande wa Ishiara, walikula kiapo kwamba wamezaliwa tumbo moja. Tangu siku hiyo mtu wa gichiaro huwezi kumdanganya wala kumdhuru, na akikuomba kitu humnyimi.

"Hata akiomba ng'ombe?"

"Hata."

"Akiomba nyumba?"

"Haombi nyumba. Ana akili."

"Lakini akiomba?"

"Atapewa."

"Sasa si ndio tungelala kwao kila siku? Tungekula kuku."

"Ndiyo sababu silali kwao. Mtu ambaye hawezi kukuambia hapana, utajuaje amekukaribisha?" Alifuta jasho. "Hao nimewawekea alama ili niwapite mapema, kabla ya giza kunilazimisha."

"Na akinyimwa, mwombaji, kitatokea nini?"

"Sijasikia aliyenyimwa."

"Basi hakuna anayejua kama ni kweli. Labda wanaogopa tu."

"Wakili," akasema Anko, "sukuma baiskeli."

Nilisukuma. Lakini kesi haikuwa imeisha.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa kwenye barabara ya vumbi jekundu, migunga pande zote, na ndani ya mwendo mfupi tulipata miiba mitatu. Viraka vikaisha. Mwiba wa nne ulipasua tyubu ya nyuma urefu wa kidole changu. Anko alifungua daftari, akatazama, akalifunga. Niliiona alama kabla hajalifunga. Boma lililokuwa karibu lilikuwa la mkato juu ya mkato.

"Tutalala hapa kando ya ua," akasema. "Nitamwambia mwenyewe tu kwamba tupo."

Mwenyewe alitukuta. Alikuja nyuma yetu akisukuma baiskeli nyeusi nzito, ile ambayo watu huiita mamba, imebeba mitungi minne ya maji, na alikuwa ameegemea mbele kama mtu anayesukuma ukuta. Alikuwa mwembamba, wa umri wa baba yangu. Alisalimia, akauliza tunatoka wapi. Anko akasema Kiirua. Akauliza sisi ni wa nani huko Kiirua. Nilimwona Anko akitafuta jibu fupi na kulikosa, kwa sababu mtu huyu hadanganywi. Akautaja ukoo wetu.

Yule bwana aliweka stendi ya baiskeli chini polepole. Akamshika Anko mikono yote miwili, na hakumwachilia kwa muda mrefu.

Waliitwa Baba Karimi na Mama Karimi, na Karimi mwenyewe alikuwa msichana wa kimo changu, mwenye pengo la jino kama langu. Kuku alichinjwa kabla Anko hajamaliza kusema tumeshiba. Walitaka tulale ndani, kwenye kitanda chao. Anko alisema mtoto amezoea nje, na hilo lilikuwa kweli kwa usiku mmoja, basi wakatutandikia chini ya ghala la mtama, lililosimama kwa miguu ya magogo. Karimi alinieleza habari zote za nyumbani. Kwamba baba yake huenda mtoni mara tano kwa siku. Kwamba safari mbili ni za nyumbani na mbuzi, na tatu ni za jiko la shule yao, na ni kwa sababu ya maji hayo yeye na ndugu zake hawafukuzwi kwa kukosa karo. Kwamba mto uko mbali kiasi cha uji kupoa ukibebewa mtu. Nilisikia kila neno. Siwezi kusema sikujua.

Asubuhi Anko alitoka mapema kumtafuta fundi mwenye tyubu. Baba Karimi alikuwa amerudi safari ya kwanza na alikuwa akifunga mitungi mitupu kwa ajili ya pili. Mama Karimi alikuwa akikoroga uji wa mawele. Karimi alikuwa ameshika usukani ili baiskeli isianguke. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikitafuta kitu kikubwa kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kukitoa. Nilikuwa nakitazama.

"Baba Karimi."

"Eeh, mama," akaniitikia, jinsi wazee wanavyowaita wasichana.

"Ni kweli huwezi kuninyima kitu?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Alifikiri, mkono juu ya mtungi. "Kwa sababu wewe ni wetu."

Niliona hilo si jibu. Mwalimu angeniandikia sifuri kwa jibu kama hilo. "Basi naomba baiskeli hii," nikasema. "Kwa gichiaro."

Karimi alicheka. Mimi pia nilikuwa na cheko langu tayari mdomoni, la kutoa pindi Baba Karimi atakaposema wewe mtoto wacha mchezo. Ningekimbia kumwambia Anko. Kesi ingeisha.

Baba Karimi hakucheka. Aliniangalia, si kwa hasira. "Umesema kwa gichiaro?" akauliza, taratibu, kama mtu anayekuonyesha mlango ulio wazi nyuma yako.

Niliuona ule mlango. Nilidhani ni woga wake. Nikasema, "Ndiyo."

Akaanza kufungua mitungi.

Bado naweza kuhesabu vipande vile vya tyubu. Vilikuwa sita. Alivifungua kimoja kimoja, akavinyoosha, akavikunja, akavifunga kwenye keria kwa sababu ni mali ya baiskeli. Mitungi aliipanga ukutani. Alichukua kitambaa mfukoni akapangusa kiti. Mwiko wa Mama Karimi ulikuwa umesimama ndani ya uji, na uji ukaanza kuungua, nikausikia, na hakuna aliyeugusa. Karimi alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama baba yake, kisha mama yake, akiwasubiri waseme kitu, na walipokosa kusema akauachia usukani kama umemchoma. Baba Karimi akaudaka. Akaisukuma baiskeli hatua nne mpaka nilipokaa, akaniwekea usukani mikononi.

"Ni yako," akasema. "Nyuma inavuja kidogo. Uijaze kila asubuhi."

Nilitaka kusema nilikuwa najaribu tu, lakini hakukuwa na mahali pa kulitia neno hilo. Nilikuwa nimeshika baiskeli iliyonizidi kimo, nzito, ikitaka kunilalia, na sikuthubutu kuiachia.

Hivyo ndivyo Anko alivyotukuta, tyubu mpya ikining'inia begani. Alitazama mitungi ukutani. Alitazama mikono yangu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiishiwa damu namna ile, wala kabla wala baadaye.

"Umefanya nini?" akaniuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Ameomba," alisema Baba Karimi. "Amepewa."

"Ndugu yangu, huyu ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Anko akaweka tyubu chini. Akaomba radhi. Akasema tunairudisha sasa hivi, tena na tyubu mpya juu.

"Unanirudishia nilichotoa?" Baba Karimi aliuliza, na kwa mara ya kwanza nilisikia kitu kigumu katika sauti yake. "Nimekukosea wapi?"

"Basi uniombe wewe. Omba tu, hata kwa kunong'ona. Mimi pia siwezi kukunyima."

"Mimi simwombi mtoto kitu nilichompa asubuhi."

Mama Karimi aliinua sufuria ya uji ulioungua akatuwekea vikombe. Tulikunywa. Nilikunywa wote, ule uchungu wote, kwa sababu niliogopa kubakisha. Anko alifunga tyubu yake. Tukaaga. Baba Karimi alitusindikiza hadi barabarani kama wageni wa heshima, na nilipogeuka nilimwona amechukua mtungi mmoja begani, anashuka mtoni kwa miguu.

Anko alisukuma yake, mimi nilisukuma ile nyingine. Usukani ulinifika kidevuni. Pedali ilinigonga mguu kila mzunguko na sikulalamika. Nilisubiri anifokee. Ningelipa chochote anifokee. Nimeuliza watu wengi baadaye, na nimesoma nilichoweza kupata, na wengi wanasema jibu ni laana, kwamba watu wale hutoa kwa kuogopa mbuzi kufa na watoto kuugua. Ningependa iwe hivyo. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini mimi nilikuwepo, niliiangalia mikono ikifungua mafundo sita, na haikuwa mikono ya mtu anayeogopa. Aliyeogopa pale alikuwa mmoja, na alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Tulikuwa hatujafika mbali tuliposikia mbio nyuma yetu. Alikuwa Karimi, pekupeku, vumbi hadi magotini. Nilijua amekuja kuomba. Hata nilianza kumsogezea usukani.

"Omba," nikamwambia. "Niombe mimi. Sema haraka."

Alitikisa kichwa. Alikuwa akihema sana. Akanyoosha mkono, na mkononi mwake kulikuwa na pampu.

"Mmeisahau," akasema. "Baba amesema ni ya baiskeli. Bila hii haiendi."

Nikaipokea. Sikuweza kufanya kingine. Ilikuwa na joto la kiganja chake. Karimi akaangalia baiskeli mara moja, kwa haraka, jinsi mtu anavyoangalia jirani aliyehama, akageuka kurudi.

Anko Murithi alikaa chini katikati ya barabara. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepigwa. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri, na alipoinuka alikuwa ameshika usukani wangu, anaigeuza baiskeli.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Ni yako. Hakuna anayeweza kuirudisha. Lakini wewe ni mtoto, huna pa kuiweka. Utamwomba akuwekee. Na utamwomba isikae bure, maana chuma kikikaa bure kinaliwa na kutu. Umeelewa?"

"Wewe useme."

"Baiskeli si yangu, Wakili."

Tulirudi hadi bomani tukangoja mpaka Baba Karimi akapanda kutoka mtoni, mtungi begani, shati limelowa upande mmoja. Karimi alikuwa nyuma yake. Aliutua mtungi alipotuona, na uso wake ulianza kufungika tena, lakini Anko akaniweka mbele.

Mara ya kwanza niliyasema maneno yale kwa wepesi, kwa sababu sikuyaamini. Sasa nilijua kwamba nikifungua mdomo mtu huyu mzima atafanya nitakachosema. Nilisema kwa gichiaro naomba aniwekee baiskeli yangu. Nilisema naomba aitumie, isishike kutu. Nilisema mpaka nitakapokuja kuichukua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Anko juu ya kichwa changu.

"Huu ni ujanja," akasema.

"Ni ujanja," Anko akakubali. "Siwezi kukudanganya wewe. Lakini ni ombi pia."

Mbuzi mmoja alikuja akaanza kulamba mtungi. Baba Karimi akamfukuza kwa mguu, akasogea, akaushika usukani na kuutoa mikononi mwangu, na mikono yangu ikabaki imejikunja hewani. Aliibana tairi ya nyuma kwa vidole. Akachukua pampu, akaijaza upepo, akapima tena, bila haraka. Akavifungua vipande vya tyubu kutoka kwenye keria, sita. Karimi alikwisha kukimbia kuchukua mitungi ukutani.

Mitungi mitatu mitupu ilipofungwa, aliigeuza baiskeli ikaelekea mtoni. Lakini hakuondoka. Alisimama pale kwenye jua, mtu wa umri wa baba yangu, kofia ameivua, ananitazama mimi. Sikuelewa anangoja nini. Nikamwangalia Anko, na Anko akaangalia chini.

"Mwenye baiskeli," Baba Karimi akasema, "naweza kwenda kuteka maji?"

Hakuwa akitania. Nilitafuta usoni mwake mahali popote pa kutania na sikupaona. Nilisema ndiyo. Sauti haikutoka, na bado alikuwa amesimama, anangoja, basi nikasema tena.